Tusifungwe na mashine tuliyoinunua

Katika ofisi zetu kuna kauli ambayo husemwa kwa uhakika kama vile mtu anasema jua huchomoza mashariki: "Programu ile ni ya Unix, na sisi hapa tunatumia Windows." Ikishatamkwa, shauri hufungwa, jalada hurudi kabatini, na baada ya muda si mrefu huombwa fedha za kununua programu nyingine kutoka kampuni ya nchi za nje, tena kwa leseni ya kulipiwa kila mwaka. Sisemi kwamba kila ununuzi wa namna hiyo ni kosa. Nasema kwamba kauli yenyewe, jinsi inavyotumiwa, si kweli, na mtumishi wa umma au mwalimu anayeipokea bila kuihoji anajifunga kamba kwa mikono yake mwenyewe.

Ushahidi uko mezani petu. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi wake filamu ya jiografia kwa programu ya VLC anatumia kazi iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris, nchini Ufaransa, mwaka 1996. Mtunzi wa programu anayehifadhi kazi yake kwa Git anatumia chombo ambacho Linus Torvalds alikiandika mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, ambayo ni ya jamii ya Unix. Zote mbili leo zinafanya kazi ndani ya Windows kana kwamba zilizaliwa humo. Na hiyo VLC ya Windows hutengenezwa kwenye mashine za Linux, ikaletwa Windows ikiwa tayari. Je, ilikuwaje?

Hatuna budi kuanza na jambo la msingi. Programu huzaliwa mara mbili. Mara ya kwanza huandikwa na mtu, kwa lugha kama vile C, katika maandishi ambayo mtu mwingine mwenye elimu hiyo anaweza kuyasoma, kuyakosoa na kuyasahihisha. Maandishi hayo ndiyo msimbo asilia. Mara ya pili maandishi hayo hufasiriwa kuwa maagizo ya tarakimu yanayotekelezwa na prosesa, na mfasiri wake ni programu nyingine iitwayo kompaila. Kampuni nyingi hutuuzia kile kilichozaliwa mara ya pili tu, nacho ni kweli hakihamishiki kirahisi, kama vile shati lililokwisha kushonwa halikubali kuwa suruali. Lakini mwenye msimbo asilia bado anacho kitambaa. Akiwa na kompaila, anayo na cherehani.

Unix wenyewe ulijifunza somo hili mapema. Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuutunga mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, kwenye mashine ya PDP-7, kwa lugha ya mashine hiyo hiyo. Ungebaki hivyo, ungekufa na mashine hiyo. Mwaka 1973 uliandikwa upya kwa lugha ya C, ambayo Ritchie ndiye aliyeibuni, na mlango ukafunguka. Mwaka 1977 Richard Miller, katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, aliuhamishia kwenye mashine ya Interdata 7/32, isiyofanana kabisa na zile ulikozaliwa. Wenyewe wa maabara za Bell walikuwa wakifanya kazi kama hiyo wakati huo huo kwenye Interdata 8/32. Napenda kuwakumbusha wasomaji habari ya Wollongong kwa sababu chuo kile hakikuwa na jina kubwa, na kilikuwa upande wa pili wa dunia kutoka kwa watungaji. Kilikuwa na msimbo asilia na watu waliokuwa tayari kukesha.

Lakini msimbo huo ulikuwa na mwenyewe. Kampuni ya AT&T, mmiliki wa maabara hizo, ilikuwa imebanwa na hukumu ya mwaka 1956 isifanye biashara nje ya mawasiliano, na ndiyo maana vyuo vikuu vilipata Unix kwa bei ya chini. Kampuni hiyo ilipogawanywa mwaka 1984 pingu hiyo iliondoka, na ukarimu nao ukaondoka. Wale waliokuwa wamezoea kusoma na kurekebisha walikuta mlango umetiwa kufuli. Hapo ndipo tunapoona kwamba haitoshi kuwa na mlango wazi leo. Lazima tuulize ufunguo uko kwa nani.

Richard Stallman alikuwa ameliuliza swali hilo mapema. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga mfumo kamili wa jamii ya Unix ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Hakuanza na michezo wala na picha za kupendeza. Alishughulikia vyombo vya kazi, na mwaka 1987 akatoa kompaila ya GCC. Mtu anayejua maana ya viwanda ataelewa uamuzi huo: kwanza kiwanda cha kutengeneza mashine, ndipo mashine zenyewe. GCC ilipangwa kwa namna ya kusifika. Upande wake mmoja husoma lugha ya mtunzi, upande wa pili huandika maagizo ya prosesa, na katikati kuna lugha ya ndani inayoziunganisha pande hizo mbili. Anayetaka kuipeleka kwenye prosesa mpya hushughulikia upande mmoja tu. Upande mwingine anaukuta umekwisha kutengenezwa na wenziwe.

Tena kompaila hiyo hailazimiki kukaa kwenye mashine inayoitengenezea kazi. Ni kama fundi aliyeko Dodoma anayemshonea mteja wa Tanga kwa vipimo vilivyotumwa. Mteja haonekani dukani, lakini nguo humkaa. Na mashine zinaweza kuwa tatu: moja ya kuijengea kompaila, ya pili ya kuikalisha, ya tatu ya kuitumikia. Mafundi waliipa hali hiyo jina la Kanada, kwa sababu wakati walipokuwa wakijadili jambo hilo Kanada ilikuwa na vyama vitatu vya siasa vya ngazi ya taifa. Kumbe hata mafundi wa kompyuta husoma magazeti.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kuhamisha. Mwaka 1989 kijana mmoja, DJ Delorie, alihudhuria mkutano wa watumiaji wa Unix ambako Stallman alizungumza, akamwuliza kama GCC ingeweza kupelekwa kwenye MS-DOS. Stallman alimjibu kwamba haiwezekani: GCC ni kubwa mno, na MS-DOS ni mfumo wa biti 16. Jibu hilo lilikuwa na sababu. MS-DOS iliziachia programu kumbukumbu isiyozidi kilobaiti 640. Lakini prosesa ya 386, iliyotolewa na Intel mwaka 1985, ilikuwa na uwezo wa biti 32. DOS ndiyo iliyokuwa ikiutumia nguvu kidogo, kama trekta linalovuta mkokoteni mmoja. Delorie alitunga programu ndogo ya kuiamsha prosesa iingie katika hali ya biti 32, kuiendesha GCC humo, na kurudi DOS kila inapohitajika kufungua faili au kuandika kwenye skrini. Kazi yake ikaitwa DJGPP. Kwa njia hiyo wenye kompyuta za bei nafuu walipata bure vyombo vilivyokuwa vikipatikana kwenye mashine za gharama kubwa. Hata mchezo wa Quake wa mwaka 1996, katika toleo lake la DOS, ulitengenezwa kwa DJGPP. Sisimulii haya ili tumcheke Stallman, alisema alichojua. Nasimulia kwa sababu mtu aliyeambiwa haiwezekani alikuwa na msimbo asilia mkononi, na kwa hiyo hakuhitaji ruhusa ya aliyesema haiwezekani.

Wapo watakaodhani kwamba ukishapata kompaila shughuli imekwisha. La hasha! Kompaila hutatua nusu ya tatizo, ile inayohusu prosesa. Nusu iliyobaki inahusu huduma. Programu haifungui faili kwa nguvu zake. Huuomba mfumo wa uendeshaji uifungulie. Unix na Windows hupokea maombi hayo kwa desturi mbalimbali, kama ofisi mbili zenye fomu zisizofanana. Unix hutenganisha majina ya majalada kwa mshazari unaolalia kulia. Windows imerithi kutoka DOS mshazari unaolalia kushoto, kwa sababu DOS ilikuwa imekwisha kuutumia ule wa kwanza kwa kazi nyingine kabla haijawa na majalada ndani ya majalada. Katika Unix faili liitwalo "Ripoti" na jingine liitwalo "ripoti" ni mafaili mawili. Katika Windows, kwa kawaida, ni moja. Na mwisho wa mstari, kitu ambacho mtu angedhani hakina ugomvi, Unix huuandika kwa herufi moja isiyoonekana na Windows kwa herufi mbili. Makarani waliofanya kazi kwa taipu watazitambua hizo mbili: moja ni kulirudisha behewa mwanzo, ya pili ni kuizungusha karatasi ipande mstari mmoja.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilikabidhi zoezi nililoliandika kwenye Linux. Mhadhiri alilifungua kwa Notepad ya wakati ule akaona mstari mmoja usio na mwisho, akaniita mbele ya wenzangu kuniuliza kama kwetu hatujui kuandika aya. Notepad ilipata uwezo wa kusoma mistari ya Unix mwaka 2018. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhitimu.

Tofauti nyingine ni za hatari zaidi kwa kuwa hazionekani. Katika Unix wa biti 64, namba ya aina inayoitwa "ndefu" katika lugha ya C huwa na biti 64. Katika Windows ya biti 64 namba hiyo hiyo ina biti 32. Kompaila inaweza kukubali msimbo bila neno, programu ikaenda vizuri kwa miezi, mpaka siku faili la kumbukumbu za ofisi litakapopita gigabaiti 2 na hesabu zikaanza kuwa uongo. Mtu asiyelijua hilo atailaumu Windows, au ataulaumu Unix, au atamlaumu karani.

Katika kuishughulikia nusu hii ya pili wataalamu wamegawanyika njia mbili, na mgawanyiko wao unatuhusu. Njia ya kwanza ni ya Cygwin. Mwaka 1995 Steve Chamberlain, mhandisi wa kampuni ya Cygnus, aligundua kwamba muundo wa mafaili ya programu uliotumiwa na Windows NT na Windows 95 ulikuwa ni ule ambao vyombo vya GNU vilikuwa vikiufahamu tayari. Basi akaifanya GCC itoe programu za Windows. Lakini alipotaka kompaila yenyewe ihamie ndani ya Windows, alikuta kwamba kuijenga kunahitaji utaratibu mzima wa Unix: programu ya kupokea amri, na hati ndefu ya kuikagua mashine kabla ya kazi. Badala ya kuzibadili programu hizo moja moja, alitengeneza maktaba inayosimama katikati kama mkalimani. Programu inaomba kwa Kiunix, maktaba inaomba kwa Kiwindows, jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo.

Mkalimani huyo anafanya kazi ngumu mno. Unix ina amri inayoifanya programu ijigawe pacha papo hapo, na programu zake hutumia amri hiyo kama sisi tunavyotumia pumzi. Windows haina huduma kama hiyo kwa programu zake za kawaida. Kwa hiyo Cygwin huanzisha programu mpya, ikaisimamisha, ikanakili kumbukumbu ya mama kuingia kwa mtoto kipande kwa kipande, ndipo ikamruhusu aendelee. Ikitokea maktaba fulani imekaa kwa mtoto mahali pasipo pale ilipokaa kwa mama, zoezi zima huvunjika. Hati ya ukaguzi ambayo Linux huimaliza kabla chai haijapoa, Cygwin yaweza kukufanya uinywe, uoshe kikombe, na urudi kuikuta ingali ikihangaika.

Njia ya pili ni ya MinGW, iliyoanzishwa na Colin Peters mwaka 1998. Hii huchukua GCC ile ile, lakini haiweki mkalimani. Programu husema moja kwa moja na Windows, na panapohitajika kubadilishwa msimbo, mtu hukaa akaubadili. Matokeo yake ni programu nyepesi isiyohitaji kubeba kipande cha Unix kila iendako. VLC ya Windows hujengwa kwa tawi la vyombo hivi, na R, programu wanayoitumia watakwimu wengi, hali kadhalika.

Ipi bora? Mabingwa hubishana mpaka usiku. Kwa maoni yangu, Cygwin ni njia nzuri ya kujua kama programu inafaa. Kwa siku chache unaweza kuiona ikifanya kazi ofisini, wakubwa wakaipima, makarani wakaizoea. Lakini chombo kitakachotumika miaka kumi katika halmashauri nzima kinastahili jasho la njia ya pili. Anayeishi kwa mkalimani maisha yote, siku mkalimani akiugua hawezi hata kuomba maji.

Lipo pia suala la leseni, ambalo maofisa ugavi wetu hulipita haraka. Leseni ya GNU, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, humruhusu mtu kubadili na kugawa, kwa sharti kwamba akiigawa awape wengine uhuru ule ule pamoja na msimbo asilia. Kwa miaka mingi sharti hilo lilizihusu hata programu zilizounganishwa na maktaba ya Cygwin. Aliyetaka kuficha msimbo wake alilazimika kununua leseni nyingine, kwanza kwa Cygnus na baadaye kwa Red Hat, iliyoinunua Cygnus. Mwaka 2016 masharti ya maktaba hiyo yalilegezwa. Wapo waliolalamika kwamba sharti la awali lilikuwa kali. Mimi silioni kuwa kali. Aliyekula katika chungu cha kijiji na asitake kuchangia kuni hana haki ya kulalamikia moshi.

Suala la kuchangia lina upande wa kazi pia, na hapa ndipo jitihada nyingi njema zimefia. Mtu huchukua programu ya Unix, hubadili sehemu 30 katika msimbo wake ili ikubali Windows, hufurahi, hupongezwa. Baada ya miezi sita watungaji wa asili hutoa toleo jipya lenye marekebisho ya usalama, na zile sehemu 30 hazimo. Inabidi aanze upya. Baada ya matoleo matatu huchoka, au huhamishwa kituo cha kazi, na ofisi hubaki na programu iliyozeeka ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Dawa yake inajulikana: mabadiliko hupelekwa kwa watungaji wenyewe, kwa adabu na kwa maelezo, wayaingize katika shina. Huko husahihishwa, mara nyingine hukataliwa mara ya kwanza, na kwa kweli maneno ya huko si laini siku zote. Lakini yakishaingia, toleo lijalo hutoka nayo. Ofisi isiyoweza kumpa mtaalamu wake saa chache kwa wiki za kufanya mawasiliano hayo isianze kazi ya kuhamisha.

Nimekwisha kusikia pingamizi moja, nalo ni la haki. Husemwa kwamba tangu mwaka 2016 Microsoft wenyewe wameweka ndani ya Windows njia ya kuendesha programu za Linux, na kwamba tangu 2019 njia hiyo ina kiini halisi cha Linux. Ya nini basi jasho lote hili? Ni kweli, na kwa mtunzi wa programu mwenye mashine mpya ni neema. Lakini kompyuta ya zamani yenye Windows 7 haina njia hiyo, na kumbukumbu inayohitajika kuendesha mifumo miwili kwa pamoja si ndogo. Tena programu hubaki katika chumba cha wageni, na mwenye nyumba ndiye anayeamua saa za kufunga mlango. Aliyekuwa na msimbo na kompaila mwaka 1989 hakumngoja mwenye nyumba.

Nini kifanyike? Nionavyo mimi, kila hati ya zabuni ya programu inayolipiwa kwa fedha za umma iwe na maswali mawili ambayo leo nadra kuyaona. Je, msimbo asilia utakabidhiwa? Na je, unajengwa kwa kompaila gani, ambayo sisi wenyewe tunaweza kuipata siku muuzaji akitoweka? Muuzaji anayebabaika mbele ya maswali hayo amekwisha kujibu.

Na kwa walimu wa kompyuta nina ombi dogo zaidi. Tunawafundisha vijana kuandika barua na kupanga majedwali, na hilo ni jema. Lakini mchukue mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekwisha kujua C kidogo. Mpe programu ya mistari 200 iliyoandikwa kwenye Linux, inayosoma orodha ya majina kutoka kwenye faili, kuyapanga kwa alfabeti na kuhesabu herufi zake. Mpe kompyuta ya Windows yenye MinGW, ambayo haimgharimu mtu senti, na umpe wiki mbili. Siku ya kwanza itakataa kujengwa, kwa sababu itaomba huduma ambayo Windows haina. Siku ya tatu itajengwa, lakini faili halitaonekana lilipo. Siku ya tano italisoma faili, na huenda hesabu ya kila jina ikazidi kwa herufi moja. Usimwambie kwa nini. Mwache alitafute hilo behewa la taipu mwenyewe.